Maua ya Kupeleka Shishiyu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimemwagilia miche kwa maji ya kuoshea vyombo. Vumbi mpaka kwenye meno. Bogenvilia nyekundu imetoa majani mapya, ya chungwa bado imenuna. Nimeshona sketi za shule mpaka mgongo ukakataa. Chai ya rangi, kiporo cha viazi. Redio imekufa betri. Nyumba kimya.

Limbu kapiga simu mchana. Anasema atajengea kaburi la baba yake kabla mvua haijashika. Zege chini, marumaru juu. Nikamuuliza kama ataacha udongo kidogo wa maua. Akasema, "Tutaona, mama mdogo." Tutaona ya Limbu naijua. Ni hapana yenye adabu.

Masunga, mume wangu, amelala Shishiyu zaidi ya mwaka sasa, kwenye uwanja wa mke mkubwa, Mama Limbu. Ndivyo ilivyo. Mwanamume anarudi kwenye mji wake, kwenye ng'ombe wake na watoto wake. Mimi ni mke wa Bariadi. Miaka yote aliyoendesha lori la pamba alikuwa wangu siku za kazi na wake siku za mapumziko. Alipougua wakaja kumchukua. Akafia kule. Msibani nilipewa mkeka na watu wakanisalimia vizuri sana, kama mgeni.

Sikuzaa naye. Sina ng'ombe kule, sina jembe, sina hata sufuria. Nataka kitu kimoja kilichotoka mikononi mwangu kiwe pale alipo. Ni hilo tu nalotaka, na nalitaka vibaya.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda kwenye kitalu cha Elias, barabara ya Lamadi. Nimezunguka viriba vya miche asubuhi nzima mpaka Elias akaniletea kigoda.

Nilidhani kuchagua maua ni kazi rahisi. Bustani yangu mwenyewe niliipanda bila kufikiri, kila nilichopewa nikachomeka. Hii nyingine. Waridi ni zuri ila linataka maji, na kule maji yanatoka lambo, kichwani mwa mtu. Asmini inanukia, lakini watu wa kijijini watasema inaita nyoka. Haibiskasi mbuzi hawaiachi hata shina. Nikabaki na bogenvilia. Nyeupe, zambarau, nyekundu, ya chungwa, na moja mpya yenye majani ya madoa, Elias anaiita ya kizungu. Ya kupanda juu au ya kichaka? Nimesimama kati ya nyeupe na zambarau kama msichana anayechagua gauni la harusi. Nilijiona mjinga.

Elias akanionyesha yale madogo ya chini, pinki na meupe. Anasema hayafi, machungu, mbuzi akionja mara moja harudii. Nikamwambia hayo ni maua ya mbele ya zahanati. Sitampelekea Masunga maua ya zahanati. Mwishowe nimechukua machache ya kuzungushia tu, nikachukua na bogenvilia ya zambarau ya kichwani pa kaburi.

Aliuliza napanda wapi. Nikasema nyumbani. Sijui kwa nini nilidanganya.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekwenda, nimerudi. Mikono ina malengelenge na moyo mwepesi.

Mama Limbu alinipokea uwanjani. "Mwangaluka, mdogo wangu." Nikaitikia, nikapiga goti kidogo, yeye ni mkubwa kwangu kwa umri na kwa ndoa. Nilimwambia nimekuja na maua ya mzee. Akaitazama ile miche kwenye beseni, akatazama viatu vyangu vya mjini, akaniletea jembe.

Uwanja wake hauna jani. Umefagiliwa mpaka unaona mistari ya ufagio wa vijiti kwenye udongo. Kaburi nalo hivyo hivyo, tuta safi. Nilichimba kichwani nikaweka zambarau. Pembeni nikazungushia yale madogo. Mama Limbu aliketi kwenye ukingo wa nyumba akichambua mchicha pori. Nilipomaliza alinipa ndoo mbili za maji, na maji ya lambo najua yanavyobebwa. Nikamwambia wabeja, asante. Tukala michembe ya viazi na karanga.

Nilimwomba awe anamwagilia. Akasema sawa. Niliporudi njiani nilikuwa naimba. Mimi! Dereva wa bodaboda aligeuka kunitazama.

Jumatano, 25 Septemba

Nimefungua duka, nimefunga duka. Mteja mmoja, zipu ya suruali.

Limbu yuko Mwandoya na mambo yake ya ng'ombe. Nimempigia kuuliza kama maua yameshika. Anasema hajafika kwa mama siku nyingi. Halafu akaanza kunieleza marumaru. Rangi ya kahawia, zinang'aa, fundi kasema zege litapanuliwa pande zote ili watu wakae wakija. "Itakuwa safi, mama mdogo. Hakuna udongo tena." Alisema kwa furaha. Kijana ana nia njema. Ndiyo maana siwezi hata kumgombeza.

Nimekaa bustanini mpaka mbu wakanifukuza. Masunga hakujua jina la ua hata moja. Yote aliyaita majani. Lakini akishuka kwenye lori alikuwa anavuta kiti mpaka hapa, anavua viatu, anawaambia wapita njia, karibuni mwone majani ya mke wangu. Alisema mke wangu kwa sauti. Sina mtu mwingine aliyewahi kunitaja kwa sauti namna ile.

Jumamosi, 5 Oktoba

Yameng'olewa yote.

Yote. Tuta limefagiliwa, laini, kama sijawahi kukanyaga pale. Miche yangu iko nyuma ya zizi, imetupwa juu ya mabua, mizizi juu. Zambarau imekauka mpaka ukiigusa inavunjika.

Nilisimama pale. Halafu nikapayuka. Sijawahi kupayuka kwenye mji wa mtu. Nilimwambia Mama Limbu alinichekea usoni, kanipa jembe na maji huku anajua atang'oa. Nilimwambia ana watoto saba, ana ng'ombe, ana kaburi, na bado kimche kimoja changu kimemkalia kooni.

Hakunijibu kwa hasira. Afadhali angenijibu. Alisema, "Yalipukutika majani yote, mdogo wangu. Nilijua yamekufa. Nilidhani uliyaleta kama yale mashada ya kanisani, yakikauka yanatolewa." Nikasema, na yale madogo, yale hayakuwa yamekauka! Akasema, "Yale yalitambaa, yakafanana na magugu. Kaburi likiota majani watu watasema huyu hana watu. Mimi nafagia kila asubuhi kabla sijasalimiana na mtu yeyote. Nianze kuacha sasa?"

Alikuwa amepika. Kuku kabisa. Niliondoka bila kula. Nimevuka uwanja wake nikiwa nimempa mgongo na chakula kiko mezani. Najua maana yake, na yeye anajua.

Jumapili, 6 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimelala na kanga usoni.

Bogenvilia ikihamishwa hupukutisha majani. Kila mtu wa maua anajua. Inajifanya imekufa, halafu inachipua. Sikumwambia. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu asiyejua, kama yeye ambavyo haikumjia kwamba kuna mtu anayetaka majani juu ya kaburi.

Lakini bado nina hasira. Yeye ana haki ya kufagia. Mimi nina haki ya nini?

Dada yangu kapiga kutoka Nassa. Anasema nirudi nyumbani, nyumba ya mama iko wazi, samaki wapo, bustani za mboga ziko karibu na ziwa, nitapanda maua mpaka nichoke. Anasema, huko Bariadi unamngoja nani? Nimekata simu. Kisha nimempigia kuomba radhi. Kisha nimelia, si kidogo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Limbu tena. Fundi anaanza Jumamosi ya wiki ijayo. Anataka niwepo, hawezi kujenga bila mama mdogo kuwepo. Hajataja yaliyotokea. Labda mama yake hakumwambia. Hilo nalo limeniuma kwa namna yake. Ningependa awe ameniteta.

Nimejikaza kisabuni nikamwomba tena. Si pande zote. Kichwani tu, upana wa ndoo. Nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Mama mdogo, hilo ni la mama. Mimi nikisema ndiyo na yeye akasema hapana, nitakuwa wapi?"

Kwa hiyo inabidi nimwombe yeye. Mtu niliyekataa kuku wake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimefagia bustani yangu yote. Nimeanza kwa hasira, nikataka kuona anachokiona Mama Limbu. Nimetoa majani makavu, nimepunguza matawi, nimefagia udongo mpaka mistari ikaonekana. Jirani yangu Mama Neema akapita akauliza kama kuna msiba.

Ilipendeza kwa muda. Halafu ikawa tupu mno. Nimeingia ndani.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kesho. Nimekwenda kwa Elias kuchagua tena. Nyeupe safari hii? Nyeupe inaonekana mbali, hata mtu anayefagia hawezi kuidhania gugu. Zambarau ndiyo nzuri zaidi lakini imenitia mkosi. Nimechukua nyeupe yenye shina nene, imekomaa, haitapukutika sana. Nimeshauriwa niilowanishe usiku kucha. Iko kwenye beseni jikoni.

Pia nimenunua sukari na kitenge cha Mama Limbu. Kitenge cha kuomba radhi. Nimekirudisha kabatini, nimekitoa, nimekirudisha. Anaweza kukiona ni rushwa. Mwishowe nimekiweka mkobani chini kabisa.

Nina hofu kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Umri huu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Niandike kama ilivyokuwa, nisipambe.

Nilifika mafundi wakiwa wameshapanga mbao za kuzuia zege. Limbu alikuwa na mkanda wa kupimia. Mama Limbu alikuwa anafagia tuta. Watu wanamngoja amalize wamwage zege, na yeye anafagia taratibu, mkono mmoja mgongoni, kama kesho ataamka afagie tena. Hakuna aliyemwambia aharakishe. Nikaona kwamba leo anaachishwa kazi.

Nilipiga magoti kabisa, siyo kidogo. Nikasema, dada, siku ile niliondoka vibaya. Akasema, "Inuka, utachafua sketi." Nikampa kitenge. Alikikunjua, akakijaribu kwenye bega, akasema rangi ni ya msichana lakini atakivaa. Basi, yakaisha hapo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi.

Kisha akaona beseni langu. Akaniuliza, "Haya yanakaa muda gani?"

Nikamwambia yakishika, miaka. Yanaweza kutuzika sote.

Akaegemea ufagio. Alitazama kaburi, akazitazama zile mbao, hasa upande wa kushoto, ambako fundi alikuwa ametanua zaidi pawe na pa kukaa. Akamwita fundi. "Mbao za upande huu zirudishe ndani. Zege liishie ubavuni mwake. Hapa paacheni udongo."

Fundi akamtazama Limbu. Limbu akasema, "Mama, lakini hapo ni..." Akasita.

"Ni pangu," akasema Mama Limbu. "Najua. Nilipachagua mwenyewe siku tuliyomzika. Sasa mlitaka kupajengea viti?" Limbu akainamisha kichwa. Hakuwa amefikiri. Vijana wanapima ardhi, hawapimi watu.

Halafu akanigeukia mimi. "Panda hapo, mdogo wangu. Mpaka nitakapopahitaji."

Mafundi wakajifanya wana shughuli na koleo. Yeye akaendelea kama anayepanga mambo ya jikoni. Anasema nipange kwa mistari, iliyonyooka, ili mtu akipita ajue yamepandwa, siyo yameota. Katikati ya mistari atafagia yeye. Anasema na atamwagilia, lakini nimweleze vizuri safari hii lini yanajifanya yamekufa na lini yamekufa kweli.

Niliinua ile nyeupe, nikaishika. Shina nene, mizizi imebana kiriba chote. Nikaona akilini watoto wake, siku ya kumzika, wakiikata kwa shoka ili wachimbe. Nikairudisha kwenye beseni. Nikamwambia, dada, huu si wenyewe, nitaleta mwingine. Akacheka, akasema, "Afadhali. Una miiba, ungenichoma."

Tulikula pamoja. Nilikula mpaka akaniondolea sahani.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeamka na neno moja kichwani. Pangu.

Anasema pangu, na anajua ni wapi, upana wake, upande gani wa mume wake. Mimi nitawekwa wapi? Nassa labda, karibu na mama. Au makaburi ya mjini hapa, katikati ya watu nisiowajua. Kule Shishiyu sitalala. Hakuna aliyenifukuza, hesabu yenyewe ndivyo ilivyo. Nilikuwa nalijua hilo siku zote, lakini sikuwahi kulikalia kitako.

Nimemaliza sketi zote za shule. Wateja hawajaja kuzichukua. Nimeikata ile nyeupe kidogo nikaipanda kwangu, ukutani.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Bati limepiga kelele mpaka padri akaacha kuhubiri.

Nikatoka kanisani moja kwa moja mpaka kwa Elias, na viatu vya ibada kwenye tope. Nilimwambia nataka maua yenye mizizi mifupi. Yanayohamishika. Yanayozaa mbegu yenyewe na kuota tena, ili hata yakitolewa nibaki na mengine ya kuanzia. Akanitazama, akaniongoza kwenye yale madogo ya zahanati. Hakusema nilikuambia. Kijana mwenye malezi.

Pinki au meupe. Nimechuchumaa hapo muda mrefu kuliko siku ile ya bogenvilia. Pinki ina jicho jekundu katikati. Nyeupe nyingine zina jicho, nyingine hazina kabisa. Pinki nyingine imepauka, nyingine imekolea karibu na zambarau. Siku zote nimeyapita bila kuyatazama. Kila kiriba kina lake.

Safari hii sikuwa namchagulia Masunga peke yake. Nilijaribu kufikiri Mama Limbu angependa nini. Anayesema kitenge ni cha msichana halafu anakivaa, huyo ni pinki iliyokolea. Nimechukua pinki ya mistari ya mbele na nyeupe yenye jicho ya mstari wa nyuma. Elias akauliza napanda wapi. Nikamwambia ukweli wote. Akaongeza miche miwili bila kuniambia. Nimeiona nilipofika nyumbani.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepanda. Mistari minne, kwa kamba. Mama Limbu alishika ncha moja ya kamba na kunikaripia nilipopinda. Marumaru ziko pembeni zinang'aa, unajiona sura. Hazifagiliwi, zinapigwa deki. Analalamika kwamba deki si kazi, mtu hasikii sauti yake.

Udongo pale ni mzuri, mweusi, umelainika kwa mvua. Nilipokuwa nachimba niliona aibu kidogo, kama mtu anayetandika kitanda cha mwingine huku mwenyewe anamtazama. Yeye hana habari. Anaulizia mbolea ya ng'ombe, ya zamani au mbichi.

Ya zamani, nimemwambia. Nusu ndoo inatosha.

Jumapili, 1 Desemba

Pamba inapandwa kila mahali. Duka halina mtu. Nimebadilisha betri za redio.

Jioni simu ya Limbu, lakini sauti ilikuwa ya Mama Limbu. Hapendi simu, anaongea kama yuko ng'ambo ya mto. "Mwadila, mdogo wangu. Yametoka mengi. Jana alipita mke wa mwenyekiti akauliza nani kapanda. Nikamwambia mke mwenzangu wa Bariadi."

Nilimwomba arudie. Akadhani mtandao mbaya, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Halafu akakohoa. Kikohozi kirefu, cha chini, kilichomfanya aweke simu kando. Niliposikia anarudi nikamuuliza kimeanza lini. Akasema ni vumbi. Nikamwambia vumbi gani na mvua hii, kesho aende hospitali Maswa, Limbu ampeleke, asingoje gulio. Nilisema kwa ukali. Akacheka mpaka akakohoa tena. "Unaogopa maua yako yatang'olewa?"

Nikasema ndiyo.

Hakukata simu, nami sikukata. Nilisikia kuku wake wanaingia bandani, na mtu anaita mbuzi. Kisha akasema, haya, nitakwenda. Nikamwambia nitafunga duka nije nimpeleke mwenyewe.

Nimeweka nguo mkobani. Basi la kwanza.